Mstari wa Kivulini

Kwetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, tunapochagua kiongozi wa mtaa, hatutumii karatasi. Tunatumia miguu. Wagombea wanasimama uwanjani wametupa mgongo, macho yao kwenye ukuta wa shule, na wewe unakwenda kusimama nyuma ya yule unayemtaka. Sheria inasema mgombea asigeuke, ili asijue nani kamfuata na nani kamwacha. Ni sheria nzuri. Ila aliyeitunga alisahau kwamba uwanjani kuna watu wengine, na hao hawakugeuziwa uso ukutani. Mke wa mgombea yuko pale. Shemeji yake yuko pale. Jirani mnayechota naye maji yuko pale, anakuangalia miguu.

Mimi ni mzee sasa. Shule niliiacha darasa la pili kwa sababu ya mbuzi. Hadithi ya mbuzi huyo ni ndefu na haina faida. Mbuzi aliliwa, karo haikulipwa, basi. Kwa hiyo msinidai maneno makubwa ya siasa. Ninachokijua juu ya kura nilikijua kwetu Burundi, na kule niliyaona zaidi yale yanayokuja baada ya kuhesabu kuliko kuhesabu kwenyewe. Ndiyo maana miaka mingi hapa kambini, siku ya uchaguzi, nilikuwa naumwa. Goti. Goti langu linajua siasa: siku ile linauma, kesho yake linapona.

Mwaka huu goti halikuniokoa. Lakini kwanza niwaeleze mtaa wenyewe.

Mtaa wetu una pande mbili, Warundi na Wakongo. Wapo na wengine, Wahabeshi wenye duka, na nyumba za mchanganyiko, mume wa huku mke wa kule, lakini ukiuliza hao wanahesabiwa wapi, kila mtu anatazama pembeni. Mgombea wa Wakongo alikuwa mwalimu, mtu wa Bukavu, mpole, Kifaransa chake kimepigwa pasi. Mgombea wetu nitamwita Msemaji, maana njo kazi yake. Harusi za Warundi hapa, yeye ndiye mdomo.

Asiyejua desturi yetu ajue hivi. Wageni wakija kuomba binti, wanakaa upande mmoja, nyumba inakaa upande wa pili, na kila upande una mtu wake wa maneno. Hao wawili wanapigana kwa mdomo. Ng'ombe watatajwa ambao hakuna mtu hapa kambini aliye nao, mababu watafufuliwa, watu watatukanana kwa heshima, mpaka binti apatikane. Mwenye nyumba yeye ananyamaza kama jiwe la kusagia. Akijisemea mwenyewe, wanasema anamuuza mtoto kama muhogo.

Na mimi nilikuwa na mjukuu. Nimemlea tangu mama yake afe, na mama yake alikuwa binti yangu wa pekee. Sina mwingine. Alipata kijana, fundi wa baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, mtu mwenye mikono ya mafuta na moyo mtulivu, Mrundi mwenzetu. Wazee wake walipanga kuja kumwomba Jumamosi, wiki ileile ya uchaguzi. Msemaji alikwisha kukubali kuwa mdomo wa nyumba yangu. Nadhani hapo mmeona kamba ilifungwa wapi.

Sasa bomba. Bomba la maji la mtaa ni la kupampu kwa mkono. Zamani kidogo wanawake walirushiana ndoo pale, mmoja akapasuka nyusi, na Msemaji na Mwalimu wakakaa wakapatana: asubuhi Warundi, jua likigeuka Wakongo. Tukapiga makofi. Amani imekuja. Nyumba za mchanganyiko zikabaki zinavizia kama paka. Na hata sisi wenye saa zetu, nani anaugua kwa saa? Nani anapata wageni kwa saa?

Siku moja mjukuu wangu alichelewa kwa kusuka mtu nywele, akaenda jioni. Wasichana wa Kikongo wakamwaga ndoo yake. Si kwa ukali. Walicheka wakimwaga, na hilo ndilo lililoniuma, maana mtu mwenye hasira unaweza kungoja ipoe, lakini anayecheka ana baridi tayari. Nikaibeba ile ndoo tupu mpaka kwa Msemaji. Akanisikiliza vizuri. Macho yakamng'aa.

"Mzee, hiyo usiiseme sasa," akaniambia. "Iweke. Tutaisema wiki ya kampeni."

Nikarudi nyumbani nikifikiri. Kama sisi tunaweka ndoo iliyomwagwa kama mbegu ya msimu, basi kwa Mwalimu nako wameweka za kwao, zile tulizomwaga sisi. Kila upande una akiba ya ubaya wa mwenzake, na akiba hailiwi kabla ya wakati. Nani basi atatengeneza jambo la bomba? Likitengenezwa, watasimamia nini?

Mgombea wa tatu alikuwa mwanamke, mshonaji tunayemwita mama fundi, cherehani yake iko mlangoni kwake karibu na duka la Wahabeshi. Wa Bukavu, mjane wa Mrundi. Wakongo wanamwita muke ya Barundi, Warundi tunamwita yule Mkongo. Nilikwenda kwake kupunguza koti la kuvaa siku ya mjukuu, maana mwili umekwisha na koti limebaki.

"Mama, ni kweli unasimama?"

"Njo vile, papa. Nasimama."

"Na nyuma yako kuna nani?"

"Nyuma iko ukuta tu. Nitaomba banipatie upande wa kivuli, jua ni kali."

"Utashindwa."

"Nitashindwa. Inua mukono nipime." Akanipima. "Ile pompe ni ya mwenye kufika mbele. Asubui, mangaribi, Murundi, Mukongo, Muhabeshi, ule anafika mbele, njo anachota. Niko na ile neno moja tu. Ingine sina."

"Mbona huniombi kura?"

"Nikuombe, bantu yako bakuue?"

Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikujua kama anacheka.

Sitaki mdhani nilitoka pale nimeamua. Nilitoka pale nimeamua kuumwa goti. Lakini asubuhi ya uchaguzi Msemaji alikuja mwenyewe nyumbani, amevaa koti lake la kijivu, nyuma yake mwendesha kabaza.

"Nimekuletea baiskeli, mzee. Goti lisisumbuke."

Basi nikapelekwa uwanjani kwa baiskeli ya Msemaji, nimekaa nyuma kama gunia la mahindi. Njiani watu wetu walinipungia mkono, wakisema hata mzee huyu leo ametoka. Nilipungia na mimi. Huo ndio ukweli, nilipungia.

Mtu wa ofisi alieleza utaratibu kwa Kiingereza, akaelezwa kwa Kiswahili, akaelezwa kwa Kirundi, na kila mara jua lilizidi. Wagombea wakapanga migongo. Msemaji na Mwalimu katikati ya uwanja, juani, kama wafalme. Mama fundi alipewa alichoomba: kule pembeni, kivulini mwa ghala, pale ambapo siku za msaada tunapokea sabuni. Watu wakaanza kutembea. Mistari miwili ikarefuka mpaka kwenye goli. Kwa mama fundi walikuwepo yule Mhabeshi wa duka na mke wake, nyumba chache za mchanganyiko, na vikongwe wawili watatu.

Nilikuwa nimesimama karibu na mgongo wa Msemaji. Naujua mgongo ule. Harusi nyingi nimekaa nyuma yake nikiuangalia unapanda na kushuka akitaja ng'ombe. Ulikuwa umetulia, una uhakika. Nikafikiri: huyu hata sasa anajua niko hapa. Hajageuka na anajua. Na ndoo yangu bado ameiweka. Wiki ya kampeni ilikwisha na hakuisema, labda aliona haitoshi, labda alipata kubwa kuliko hiyo.

Miguu ikaanza kwenda. Nasema miguu kwa sababu kichwa kilikuwa kinaiuliza inakwenda wapi.

"Mzee, ni huku," akasema mke wa Msemaji.

"Naona, mama."

"Huku, mzee. Upande huu."

Nikaendelea kutembea. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Macho yake, masikini. Mmoja amshike mkono." Hakuna aliyekuja kunishika. Kutoka pale mpaka kivulini si mbali, lakini hapakuwa na mtu katikati, ni mimi na vumbi tu, na uwanja mzima ukawa umenyamaza kidogo, kama nyumba ambamo sahani imevunjika jikoni. Nilitegemea goti liume. Halikuuma hata kidogo.

Nilipofika, kikongwe aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Baba, hapa watatoa sabuni saa ngapi?"

"Hapa si sabuni, mama. Ni kura."

"Kura ya nini?"

"Ya kiongozi."

Akafikiri. "Basi nabaki. Hapa kuna kivuli."

Na si yeye peke yake. Miaka yote hii tumefundishwa na foleni. Foleni ya chakula, foleni ya kuni, foleni ya kuweka alama ya kidole. Mtu wa kambi akiona mstari mfupi kwenye ukuta wa ghala, haulizi, anaingia kwanza, atauliza mbele. Wazee kadhaa waliochelewa waliingia hivyohivyo, na mama fundi, mgongo umetugeukia, hakujua anapata kura za sabuni.

Wakahesabu kwa kugusa vichwa. Mkono wa mtu wa ofisi ulipogusa kichwa changu nilisikia baridi mpaka kwenye meno. Kule kwetu nimeona watu wakihesabiwa, na hiyo siisemi zaidi ya hapo.

Mwalimu alishinda. Alishinda kwa watu wachache, wa kutosha kukaa kwenye mkeka mmoja. Wakongo wakapiga vigelegele. Wetu, polepole, bila kuambiana, wakageuza shingo kutazama kivulini.

"Kura zetu ziko pale," mtu mmoja akasema, si kwa kelele. "Zinapumzika."

Walioingia kwa kosa walisamehewa palepale. Kikongwe wa sabuni alipoulizwa alisema, "Mi nilifuata sabuni, wanangu, nani kawaambia nilifuata mtu?" Watu wakacheka mpaka wakashika magoti, hata waliokuwa wanalia. Halafu wakanitazama mimi. Walikuwa wananingoja niseme neno langu la kuchekesha. Nikachukua fimbo nikaondoka. Baiskeli ya kurudi haikuwepo.

Siku zilizofuata hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Mwanamke aliyeniazima sufuria kubwa ya harusi alikuja kuichukua, akasema ameikumbuka ina kazi. Waliosema watapika wakawa na watoto wagonjwa, wote, wiki moja. Asubuhi bombani, saa zetu sisi, mjukuu wangu aliachwa nyuma ya kila ndoo mpaka jua likageuka, akarudi bila maji, na jirani akamwambia kwa sauti tamu, "Nenda kachote na watu wa babu yako." Watu wa babu yako walikuwa nani? Mhabeshi na vikongwe.

Kisha Msemaji akaja. Alikuja mchana, peupe, ili watu wamwone anakuja. Nataka mmwelewe mtu yule vizuri, si mtu mbaya. Alimzika mke wangu kwa maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka nikiwa peke yangu.

"Sikuja kwa ugomvi," akasema.

"Kaa."

"Nimekaa. Macho yako yakoje siku hizi, mzee?"

"Yananisaidia."

"Nakuuliza tena. Yakoje?" Akasogeza kiti. "Yule bibi wa sabuni watu walimcheka wakamaliza. Na wewe umemzidi miaka. Jumamosi, kabla sijaanza kusema, mwenye nyumba anaruhusiwa kusalimia wageni. Utasimama, utasalimia, utasema: siku ile nilipotea mstari. Basi. Watu watacheka, mimi nitaidaka palepale niigeuze utani, niingie kwenye ng'ombe. Nitamsemea binti mpaka wageni walie."

"Na nisiposema?"

Akakitazama kikombe cha chai nilichompa. "Nitawaambia nini watu wangu? Aliyenikata miguu namkopesha mdomo?" Sauti ikashuka. "Ungekwenda kwa Mwalimu, ningesema mzee kanunuliwa. Ungebaki nyumbani, ningesema goti. Lakini kusimama nyuma ya mtu asiyeweza kushinda, kura ya kutupa, na sisi tumekosa vichwa vichache tu. Hiyo ni nini? Nieleze, maana inaninyima usingizi."

"Ni ile ndoo," nikasema.

"Ndoo gani?"

Nikamtazama. Hakuwa anaigiza. Kweli alikuwa amesahau.

Mjukuu alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote. Msemaji alipoondoka alikuja akakaa chini karibu na miguu yangu, kama alivyokuwa akifanya mdogo.

"Sogokuru," akaniita babu kwa Kirundi, "sema tu. Ni neno moja."

"Ni uongo."

"Umenidanganya mara ngapi? Uliniambia mama amekwenda sokoni Dowa. Nilimngoja barabarani."

"Ule ulikuwa wa kukulinda."

"Na huu je?"

Nikamwambia sawa, nitasema. Na wakati namwambia sawa, sikuwa namdanganya.

Ijumaa nilikwenda Lilongwe, Area 25, kwa baba mkubwa wa yule kijana. Yeye njo angekuwa mdomo wa wageni. Ana duka dogo na karatasi zake zote zimekamilika, mtu wa mpango. Wenyeji walikuwa wametoka kupiga kura zao muda si mrefu, na sura za wakubwa bado zilikuwa kwenye kuta, nyingine mvua imezichana pua. Sisi wakimbizi kura hizo hazituhusu, tunaziona kama mtu anayeona harusi ya jirani kupitia ua. Mbele ya duka alikaa mama mmoja wa Kimalawi akiuza nyanya. Alijua Kiswahili kidogo kwa ajili ya wateja. Baba mkubwa alikuwa bado hajafika, nikakaa kwenye kreti karibu na yule mama. Aliniuliza kwa nini nimekunja uso, na sijui kwa nini nilimweleza yote. Labda kwa sababu hanijui.

"Agogo," akasema, yaani babu kwa lugha yao, "mimi kila mara napigia yule mdogo. Kila mara anashindwa. Mume wangu anasema natupa kura."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Namwambia, nyanya nikitupa naziona ziko chini. Hiyo kura iko wapi chini? Anionyeshe." Akacheka sana kwa maneno yake mwenyewe. "Lakini chakula chake nampa moto, asiseme sana. Wewe mjukuu wako ataolewa lini?"

"Kesho."

Akaacha kucheka. Akanichagulia nyanya nzuri akaziweka kwenye mfuko wangu, nikamshukuru kwa lugha yake, zikomo.

Baba mkubwa alipofika hakunizungusha.

"Tunasikia nyumba yako haina watu."

"Ina watu."

"Msemaji yupo?"

"Atakuwepo."

"Basi. Mimi naleta wazee wangu kutoka mbali, wengine wana presha. Siwezi kuwaleta kuongea na ukuta. Kama hakuna mdomo wa kunijibu, nitawageuza nyumbani, na kijana atangoja mwaka mwingine au nyumba nyingine. Usinichukie, mzee. Na wewe ungefanya hivyo."

Ningefanya hivyo. Hiyo ndiyo shida ya kusikiliza mtu mwenye akili.

Jumamosi turubai lilifungwa kutoka kwenye ukuta wetu mpaka kwa jirani. Wageni walifika na suti zao na vumbi kwenye viatu. Upande wetu viti vingi vilikuwa vitupu. Mama fundi alikuwa nyuma kabisa na Mhabeshi, na ndugu wawili wa kanisani, na waliokuja kutazama kama nitasema. Hao walikuwa wa kutosha. Msemaji alikaa mbele, koti la kijivu limepigwa pasi, kifua kimejaa ng'ombe. Akaniinamishia kichwa kidogo. Baba mkubwa akamwinamishia yeye. Kila kitu kilikuwa tayari, nimebaki mimi.

Nikasimama. Nikasalimia wageni, nikawauliza walivyolala, nikasema nyumba ni yao.

"Na tena," nikasema, "siku ile uwanjani."

Nikaona midomo inaanza kufunguka kwa kucheka. Kicheko kilikuwa kimeandaliwa kama chakula, kinangoja mfuniko tu. Nyuma ya pazia nilijua mjukuu amesimama, na nilijua ameshika pazia kwa vidole, maana lilikuwa limekunjamana. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nilikuwa nalo. Lilikuwa rahisi kuliko yote niliyowahi kusema. Na nikamtazama Msemaji, na Msemaji alikuwa amekwisha kutabasamu, tabasamu la mtu anayejua nitakachosema kabla sijasema, kama mgongo wake ulivyojua siku ile.

"Siku ile macho yangu yalikuwa mazima," nikasema. "Niliuona mgongo wako, ndugu yangu, nikaupita. Nilisimama hapa leo kusema nilipotea. Mdomo umekataa."

Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja alikohoa. Msemaji akabaki na lile tabasamu usoni muda kidogo, kama mtu aliyesahau kuvua kofia ndani ya nyumba. Kisha akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Haya, mzee. Umeanza kujisemea. Endelea kujisemea."

Akaenda kuelekea mlango wa turubai. Baba mkubwa akatazama wazee wake, akatazama kile kiti kitupu mbele yake.

"Sasa mimi naongea na nani?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. Mzee mmoja wa kwao alikuwa ameshika fimbo ya kuinukia.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikafungua mdomo nianze mwenyewe, nijiaibishe mpaka mwisho, na sikukumbuka ng'ombe hata mmoja.

Hapo pazia likafunguka. Ni lazima mwelewe, binti hatoki. Binti anatoka mwishoni, wakishamwomba, wakishanyimwa, wakishaomba tena, akiitwa kwa jina na mdomo wa nyumba. Akitoka na kinywaji mkononi, maneno yamekwisha, amekubali, nyumba imekubali, hakuna tena cha kuomba. Mjukuu wangu alitoka hajaitwa na mtu, na sinia ya vikombe vya thobwa, togwa ya huku, mikononi, na macho yake mekundu. Hakunitazama. Akawapita wageni wote, mguu peku, akaenda mpaka mlangoni kwa Msemaji, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake mpya, akachukua kikombe akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Bado hujaitwa, binti," Msemaji akasema chini chini.

"Najua, baba."

"Rudi ndani. Usiharibu siku yako."

"Kunywa kwanza."

Kinywaji cha mkono wa binti siku yake hakikataliwi. Ukikataa umemfunga tumbo asizae, na hata mtu mwenye hasira ya namna gani hafanyi hivyo mbele ya watu, na Msemaji kuliko wote, maana maneno hayo ya kukataa na kufunga njo yeye anatufundisha kila harusi. Alisimama pale. Wote tulimtazama shingo. Nilifikiri, ataondoka. Nilifikiri, nimemuua mtoto wangu kwa mdomo wangu. Akapokea, kwa mikono miwili. Akanywa. Alikunywa amesimama, polepole, mpaka chini, na koo lake likapanda na kushuka.

Baba mkubwa akageukia wazee wake. "Amekwisha kutoka," akasema. "Tunaomba nini tena?"

"Chakula," akasema yule mwenye fimbo, akaiweka chini.

Mjukuu wangu akainuka, akapangusa vumbi magotini, akaenda kwa mgeni wa kwanza, akaenda kwa wa pili. Alipofika kwangu alinipa kikombe bila kuniangalia, nikakipokea. Msemaji alikuwa bado mlangoni, kikombe kitupu mkononi, hatoki na haketi, na hakuna aliyethubutu kumkaribisha kwa sababu wa kumkaribisha alikuwa mimi. Nikavuta kile kiti chake kwa mguu, kidogo tu, kikatazama upande wake. Alikiona. Mpaka wali ulipoletwa, alikuwa bado amesimama.